Nyumba Hii ni ya Nani?

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala juu ya kuchemsha maji. Tutazungumza juu ya nyumba: nyumba ya mtu mwenyewe na nyumba ya kupanga.

Pengine mzee mmoja anasema moyoni, "Kupanga ni mambo ya mjini. Hapa kila mtu ana nyumba yake." Ni kweli, mzee wetu. Lakini hebu tuulizane. Nani kati yetu hana mtoto, mjukuu au mdogo wake anayelipa kodi ya chumba mahali fulani? Mwezi uliopita tuliuliza swali hilo katika kijiji cha jirani. Darasa lilikuwa limejaa. Walionyosha mikono walikuwa watatu tu, na mmoja wao alisema watoto wake bado wadogo.

Basi jambo hili limekwisha kuingia ndani ya kaya zetu. Tuangalie lilivyokuja.

ZAMANI

Zamani nyumba haikununuliwa. Kijana akitaka kuoa, baba yake au wazee walimwonyesha kiwanja. Alikwenda porini akakata miti na fito. Wenzake walikuja kumsaidia siku mbili tatu. Wanawake walikata nyasi, wakachota maji, na udongo ukakandwa kwa miguu. Chakula kilipikwa, na pombe haikukosekana. Nyumba ikasimama. Fedha iliyotumika ilikuwa ya misumari tu, na wengine hata misumari hawakununua. Walifunga kwa kamba za miti.

Nyumba hiyo haikukaa miaka mingi. Mchwa walikula nguzo, nyasi zikaoza. Basi mtu alijenga nyingine kando yake. Mpangaji hakuwapo. Nani angelipa kodi wakati miti ni ya bure na kiwanja ni cha bure? Mgeni akija alikaribishwa. Akizoea, na tabia yake ikipendeza, alionyeshwa kiwanja chake na yeye.

Na nani alijua kuwa nyumba hii ni ya fulani? Majirani. Mpaka ulikuwa mnyaa, au mwembe, au kaburi la babu. Hati ilikuwa ndani ya vichwa vya watu.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1973 ilitolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Wazee wetu waliopo hapa wanakumbuka vizuri kuliko sisi, maana sisi tulikuwa hatujazaliwa. Kaya ziliacha nyumba zao na miembe yao, zikaja kuonyeshwa viwanja vipya vilivyopangwa kwa mistari. Wengine walilala chini ya miti wakisubiri kujenga.

Hapo ugomvi ulipandwa. Watu waliopewa kiwanja walijenga juu ya shamba la mtu mwingine. Miaka ilipita, mwenye shamba akafa, watoto wake wakasema, "Hapa ni kwa baba yetu." Ndiyo sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ilitaja jambo hili waziwazi. Ilisema ugawaji wa ardhi uliofanywa wakati wa Operesheni, kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, ni halali. Tunaomba mzikariri tarehe hizo mbili. Kuna watu wanatishwa mpaka leo kwa sababu hawazijui.

WATOTO WETU MJINI

Sasa twende mjini, maana huko ndiko kupanga kulikokulia.

Katika sensa ya mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu kama 273,000. Katika sensa ya mwaka 2022 ilikuwa na watu 5,383,728. Anayependa hesabu agawanye. Atapata karibu mara ishirini. Katika maisha ya mzee mmoja tu, mji umekuwa mara ishirini! Watu hao wote walitoka wapi? Wengi walitoka vijijini kama hapa. Na kila aliyeshuka kwenye basi na kifurushi chake alihitaji mahali pa kulala usiku ule ule.

Wengi walilala katika nyumba ile wanayoiita nyumba ya Kiswahili. Mnaijua. Ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia. Nyuma kuna uani penye choo na mahali pa kupikia. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki alipangisha. Huyo hakuwa tajiri. Mara nyingi alikuwa mtu aliyekuja mjini mapema tu, akajenga chumba kwanza, kisha kingine, kila alipopata fedha.

Kwa nini hao wengine hawakujenga? Ni kwa sababu mjini kila kitu ni fedha. Mti ni fedha, maji ni fedha, fundi ni fedha, na kiwanja ni fedha kuliko vyote. Mshahara wa mwezi ukiisha tarehe 20, utajenga kwa nini?

Serikali ilijaribu njia nyingi. Tutazitaja upesi, maana wengi wenu mlizisikia redioni. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikatoka sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1973 Benki ya Nyumba ilianza kazi. Kuanzia mwaka 1974 vilipimwa viwanja vya wananchi, kama kule Sinza na Kijitonyama. Mwaka 1984 ikaja sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ili mwenye nyumba asipandishe kodi anavyotaka.

Mengi ya hayo yamekwisha. Masharti ya viongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995. Sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ya chumba imekuwa makubaliano ya watu wawili. Lakini makubaliano gani hayo, ndugu zangu, wakati mmoja ana ufunguo na mwingine ana godoro kichwani?

Hebu tufanye hesabu ubaoni. Tuseme kijana wako amepata chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele. Hiyo ni shilingi 240,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, shilingi 40,000. Jumla ni shilingi 280,000, kabla kijana hajanunua hata ndoo. Ndiyo sababu anapiga simu nyumbani, na wewe unauza mbuzi.

Kwa mwaka atalipa kodi ya shilingi 480,000. Kwa miaka kumi, hata kama kodi haitapanda, ni shilingi 4,800,000. Na kodi hupanda.

Kuna na hili la umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo ya mijini hukatwa mtu anaponunua LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapanda kuwa shilingi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Lakini anayenunua umeme ni nani? Ni mpangaji. Basi kijana wako asipojua kusoma ile karatasi ya LUKU, au ujumbe wake kwenye simu, atalipa kodi ya nyumba ya mtu mwingine bila kujua. Akijua, anaweza kumwambia mwenye nyumba wakatane katika kodi ya chumba.

Hatusemi kwamba kupanga ni aibu. Kijana anayefanya kazi mjini lazima alale karibu na kazi yake. Sisi wenyewe tumepanga miaka mingi, na bado tunapanga. Kinachotisha ni kupanga gizani.

YALIYOTUPATA SISI

Tuwaeleze kisa kimoja. Mwaka 2013 tulikuwa walimu wawili wapya kutoka chuo cha ualimu. Tulipelekwa katika mji mdogo ambao hatutautaja. Tulipata chumba katika nyumba ya vyumba sita. Mwenye nyumba alikuwa mzee mpole, fundi wa baiskeli. Alitaka kodi ya miezi sita. Tulimhesabia fedha mkononi, barazani, mkewe akiwa ameketi pale anachambua mchele. Hatukuomba karatasi. Tuliona haya. Utamwombaje karatasi mzee aliyekukaribisha chai? Na sisi ndio walimu, jamani!

Mwezi wa nne mzee aliugua, akafariki. Tulichimba kaburi pamoja na majirani. Matanga yalipoanuliwa, vijana wake watatu wa mke wa kwanza, waliokuja kutoka mbali kwa mazishi, walituita uani.

"Walimu, kodi mmemlipa nani?"

"Tulimlipa marehemu."

"Risiti iko wapi?"

Tukanyamaza. Yule mama akasema, "Walilipa. Nilikuwapo. Fedha nilizihesabu mimi mara ya pili."

Mkubwa wao akamjibu kwa adabu kabisa, na adabu hiyo ndiyo iliyotuumiza. "Mama mdogo, tunakuheshimu. Lakini hata wewe tungependa kujua utaondoka lini, maana nyumba ni ya baba."

Mama yule alikuwa amekaa pale miaka kumi na tisa. Alipoolewa, kiwanja kilikuwa na kibanda cha miti. Matofali aliyafyatua yeye pamoja na mumewe. Maji ya kufyatulia aliyachota yeye, ndoo kichwani. Kila alfajiri alipika vitumbua, na fedha ya vitumbua ndiyo iliyonunua bati. Mtaa mzima ulijua. Lakini katika karatasi ya kununulia kiwanja kulikuwa na jina moja tu, la mumewe.

Wiki ile ile tulitoka watu watatu katika nyumba moja: wapangaji wawili wasio na risiti, na mwenye nyumba asiye na jina.

Sisi tulipoteza kodi ya miezi miwili, tukakopa ili kupata chumba kingine. Yeye alikwenda kwa kaka yake na sanduku lake la bati. Ndani ya sanduku hilo, chini ya khanga, kulikuwa na risiti ya dukani ya bati 32, yenye jina lake. Hakuitunza kwa sababu ya sheria. Mwenye duka alimwambia tu airudishe kama kuna bati lililotoboka. Wala hakujua kuisoma. Mtoto wa kaka yake ndiye aliyemsomea, "Shangazi, hapa ni jina lako."

Ukoo wa marehemu ulipokaa kikao, kaka yake aliiweka karatasi ile mkekani. Walibishana tangu asubuhi hadi alasiri. Mwisho wazee walikubali arudi, akae vyumba viwili, na kodi ya chumba cha tatu iwe yake. Kwa maoni yetu hiyo haikuwa haki yake yote. Pengine angekwenda mahakamani angepata zaidi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua, katika kesi ya mume na mke walioachana, kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Kupika na kulea, achilia mbali kufyatua matofali! Lakini mama alikuwa amechoka. Alisema anataka kulala chini ya bati lake basi.

TURUDI KIJIJINI

Msifikiri kisa hiki ni cha mjini tu. Tazameni pale senta. Miaka thelathini iliyopita palikuwa na duka moja na mashine ya kusaga. Sasa kuna fremu za maduka, na nyuma ya fremu kuna vyumba vya kupanga. Mwalimu anapanga, muuguzi anapanga, kijana wa bodaboda anapanga. Na mwenye vyumba ni nani? Ni mmoja wenu. Tumemwona hapa amekaa, hatutamtaja. Kwa hiyo katika kaya moja baba anapangisha hapa na mtoto anapanga mjini. Babu yao hakuyajua yote mawili.

Na nyumba zenyewe zimebadilika. Nyumba ya matofali ya kuchoma na bati haijengwi kwa siku tatu. Inakula mavuno ya miaka mitano, sita. Zamani mtu akinyang'anywa nyumba ya miti alisema "Mungu yupo", akajenga nyingine. Leo akinyang'anywa amepoteza nusu ya maisha yake. Halafu kiwanja nacho kimekuwa na bei. Gari linakuja, mtu anashuka, anauliza ekari ni kiasi gani. Wakati huo huo wazee waliojua kwamba mpaka ni mnyaa ule wanatutoka mmoja mmoja.

Fikirini kijana anayepanga mjini miaka ishirini. Kila mwezi analipa, akijipa moyo kwamba nyumbani kuna kiwanja cha baba. Siku ya kurudi anakuta ndugu yake alikwisha kukiuza, na aliyenunua amejenga. Mwingine harudi na miguu yake. Anarudishwa katika jeneza, na ukoo unaanza kuulizana azikwe wapi. Mambo haya tumeyaona.

Kwa hiyo ile hati iliyokuwa ndani ya vichwa lazima iandikwe. Sheria ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Kijiji chenyewe kwanza kiwe na mipaka inayojulikana na cheti chake cha ardhi ya kijiji. Kisha mwenye kaya anaomba kwa Halmashauri. Watu wanakwenda kiwanjani pamoja na majirani, mpaka unaangaliwa, kila jirani anasema neno lake. Hapo ndipo wazee wanaojua wanahitajika, kabla hawajatutoka. Hati ikikamilika inaandikwa katika daftari la masijala ya ardhi ya kijiji. Pakiwa na ugomvi, liko Baraza la Ardhi la Kijiji la kusuluhisha. Lina watu saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake.

Hapa tunataka kusema kwa sauti, na wanaume wenzetu watusamehe. Karatasi yenye jina moja inaweza kuwa mbaya kuliko kukosa karatasi. Yule mama wa vitumbua alijulikana mtaa mzima, lakini ilipotokea karatasi yenye jina la mumewe peke yake, ushahidi wa mtaa ulikufa. Ombeni majina mawili, la mume na la mke. Inaruhusiwa. Sheria ile ile inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila mke kukubali. Naye mke hivyo hivyo. Kama kuna wake wawili, msifanye mchezo: kila mmoja na nyumba yake, na jina lake.

Na wewe mwenye vyumba pale senta, risiti si ya kumfaa mpangaji peke yake. Siku mpangaji akisema "nilikwisha kulipa" utamjibu nini? Wengine wanalipana kwa simu. Ni vizuri, ujumbe ule nao ni ushahidi. Msiufute.

Sasa toeni daftari. Tuandike pamoja, polepole. Pale penye nukta kila mtu atajaza mwenyewe.

"Mimi ........ , mwenye nyumba, nimepokea kwa ........ shilingi ........ , kodi ya chumba kimoja, kuanzia tarehe ........ hadi tarehe ........ . Sahihi ya mwenye nyumba ........ Sahihi ya mpangaji ........ Shahidi ........ Tarehe ........"

Andikeni shilingi kwa tarakimu na kwa maneno, kwa maana tarakimu huongezwa sifuri. Nakala ziwe mbili. Moja akae nayo mwenye nyumba, nyingine mpangaji. Asiyeweza sahihi aweke dole gumba, lakini hapa nadhani hayupo tena.

Maswali. Bibi kule nyuma amenyosha mkono tangu zamani. Karibu, bibi.

Bibi anasema nyumba anayokaa imeandikwa jina la mumewe, naye mume amefariki miaka minne iliyopita. Anauliza kama amechelewa.

Hujachelewa, bibi. Ukoo ukae kikao, umteue msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao uandikwe na kutiwa sahihi. Anaweza kuwa wewe mwenyewe. Muhtasari huo unapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Mahakama ikimthibitisha msimamizi, ndipo jina katika hati linaweza kubadilishwa kwenye Halmashauri. Lakini msimamizi si mwenye mali. Kazi yake ni kuigawa kwa wanaostahili, na wewe ni mmoja wao.

Cheti cha kifo unacho? Huna. Basi Jumatatu asubuhi tukutane ofisini kwa Mtendaji, tuanze na hicho. Njoo na kadi yake ya kliniki, au karatasi yoyote yenye jina lake. Na mjukuu wako aje na kalamu.